Mirathi Iliyozungushiwa Ukuta

Mwezi wa Julai una siku mbili ambazo kila atakaye kuwaelewa Wamormoni na matawi yao hana budi kuzitazama kwa pamoja. Tarehe 24 ni sikukuu ya jimbo la Utah nchini Marekani, kwani siku hiyo, katika mwaka 1847, Brigham Young na msafara wa kwanza wa wafuasi wake, baada ya kuyapa kisogo makazi yao ya Illinois na kukata mbuga na milima kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 2,000, waliingia katika bonde la Ziwa Kuu la Chumvi na kulifanya kuwa maskani yao. Na kwa hivyo hadi leo mitaa ya Salt Lake City hujaa maandamano na muziki kwa taadhima ya wahenga hao. Tarehe 26 haina shamrashamra. Siku hiyo, katika mwaka 1953, kabla ya mapambazuko na mwezi ukiwa umepatwa, askari wa jimbo la Arizona, kwa amri ya Gavana Howard Pyle, walikivamia kijiji cha Short Creek kilichoko mpakani mwa Arizona na Utah, wakawakuta wakazi wake wameshapata habari, wamekusanyika penye shule yao, bendera ya Marekani imetwekwa, nao wanaimba. Wanaume walikamatwa kwa kosa la kuoa wake wengi, na watoto zaidi ya 200 walichukuliwa na serikali, baadhi yao wasirudi kwao kwa muda wa miaka miwili na zaidi.

Waliofika bondeni mwaka 1847 na waliokamatwa mwaka 1953 walisoma vitabu vile vile, walimwita nabii mtu yule yule, na wengi wa hao wa pili walikuwa wajukuu na vitukuu wa hao wa kwanza. Kanisa kubwa, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao makuu Salt Lake City na waumini zaidi ya milioni 17 duniani, lenye Kitabu cha Mormoni kilichofasiriwa hata kwa Kiswahili na hekalu lililowekwa wakfu Kinshasa mwaka 2019, linasema kwamba ndilo mrithi wa halali wa watangulizi wale. Jamaa wa Short Creek na wenzao, ambao katika sura hii nitawaita washika asili, husema kwamba kanisa hilo liliuza mirathi yake ili lipate radhi ya serikali, na kwamba mrithi wa kweli ni yule aliyekubali kufukuzwa, kufungwa na kudharauliwa kuliko kuliacha agizo la Mungu. Nia yangu ni kuwalinganisha wawili hawa kwa insafu, na hoja nitakayoitetea ni hii: washika asili wameyahifadhi matendo mengi ya watangulizi kwa uaminifu usiopingika, walakini waliyatoa matendo hayo katika jamii iliyokuwa na milango wakayatia katika jamii iliyozungushiwa ukuta, na tendo lililohamishwa namna hiyo huzaa matunda mengine kabisa.

Joseph Smith, aliyezaliwa Vermont mwaka 1805 katika nyumba ya wakulima mafukara, alichapisha Kitabu cha Mormoni katika mji wa Palmyra, New York, mwaka 1830, na mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo akaasisi kanisa lake. Katika miaka 14 iliyobakia ya umri wake hakupata kituo. Alihamia Ohio, akajenga hekalu katika mji wa Kirtland. Wafuasi wake wakafanya maskani Missouri, ambako mwezi wa Oktoba 1838 Gavana Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni, na siku chache baadaye watu 17 wakauawa penye kinu cha Haun. Wakakimbilia Illinois, wakajenga mji wa Nauvoo kando ya mto Mississippi. Na tarehe 27 Juni 1844 Joseph na nduguye Hyrum wakauawa ndani ya jela ya Carthage na kundi la watu wenye silaha. Haikuwezekana, kwa kaumu iliyopitia madhila hayo, kuitazama serikali isipokuwa kwa jicho la hadhari. Na hadhari hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya mirathi ambayo matawi yote mawili yaliipokea.

Sehemu ya pili ni safari. Yafaa msomaji aitazame kwa karibu, kwa sababu katika safari ndimo tabia ya watangulizi ilimoonekana dhahiri. Brigham Young hakukusudia kuwahifadhi waliokuwa naye tu. Alikusudia kuwakusanya wote walioamini popote walipo, na mwaka 1849 ukaanzishwa mfuko wa kuwakopesha nauli wahamiaji maskini kutoka Uingereza na Skandinavia, ambao walitakiwa kulipa wakishajiweza ili wengine nao wasafirishwe. Fedha zilipopungua, kati ya mwaka 1856 na 1860 kiasi cha watu 3,000 walikwenda kwa miguu wakivuta mikokoteni kwa mikono yao wenyewe, baba akiwa mbele, mama akisukuma nyuma, mtoto mchanga amelazwa juu ya unga na blanketi. Misafara miwili ya mwaka 1856, iliyoongozwa na James Willie na Edward Martin, ilichelewa kuondoka ikakutwa na theluji katika nyanda za Wyoming, na zaidi ya watu 200 wakafa kwa baridi na njaa. Habari zilipofika Salt Lake City, Young aliwaambia waumini waliokuja kwenye mkutano mkuu wa Oktoba kwamba dini yao kwa siku ile ni kwenda kuwaleta wenzao, akaagiza magari, unga, nyumbu na vijana wa kuyaendesha, nao wakaenda. Kosa la kuwaachia wasafiri waondoke kwa kuchelewa lilikuwa kubwa, wala halifutwi na uokozi. Lakini katika mkasa huo twaiona jamii inayonyoosha mkono nje ya mipaka yake.

Sehemu ya tatu ya mirathi, na ndiyo iliyozusha ugomvi wote, ni mitala. Ufunuo wa Joseph Smith juu ya jambo hilo uliandikwa tarehe 12 Julai 1843, ukafichwa, na haukutangazwa hadharani ila mwaka 1852, Wamormoni walipokuwa wamekwisha jitenga na ulimwengu kwa jangwa na milima. Hapo ndipo jina moja linalojulikana katika pwani yetu linapoingia: Richard Burton, yule Mwingereza aliyekwenda Makka kwa kujigeuza, akapitia Unguja na kufika Ujiji mwaka 1858, aliwasili Salt Lake City mwaka 1860, akaonana na Brigham Young, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya mji huo. Mtu aliyekwisha kuona mitala ya Waislamu na ya Waafrika hakupatwa na fadhaa iliyowapata waandishi wengi wa zama zake, akaieleza kama taratibu yenye sababu na hesabu zake. Utulivu huo unamfaa pia msomaji wa Kiswahili, ambaye wakewenza si jambo la kumshtua. Anayejua mitala hujua kwamba swali kubwa si idadi ya wake, bali ni masharti: nani aliyechagua, nani mwenye haki ya kukataa, nini stahili ya mwanamke kwa mumewe na hifadhi yake akidhulumiwa, na mlango wa kutokea uko wapi.

Bunge la Marekani lilikuwa na rai nyingine. Sheria ya kukataza mitala ilipitishwa mwaka 1862. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Reynolds ya mwaka 1879, ikaamua kwamba uhuru wa dini hulinda itikadi bali haulindi kila tendo. Sheria ya mwaka 1882 ikawafunga mamia ya wanaume, na ile ya mwaka 1887 ikalivunja kanisa kama shirika na kutaifisha mali yake. John Taylor, aliyemrithi Young, alikufa mwaka 1887 akiwa mafichoni. Mwaka 1890 mrithi wake, Wilford Woodruff, alitoa tangazo la kuwashauri waumini wasifunge ndoa zinazokatazwa na sheria ya nchi, na mwaka 1896 Utah ikapewa daraja ya jimbo kamili. Ndoa za siri ziliendelea kidogo kidogo, mpaka tangazo la pili la mwaka 1904 lilipokuja na adhabu ya kutengwa na kanisa kwa kila atakayezifunga.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Washika asili husimulia kwamba mwezi wa Septemba 1886, katika nyumba alimofichwa, John Taylor alipata ufunuo wa kumkataza kuiacha mitala, kisha akawaagiza watu wachache waidumishe hata kanisa lenyewe likiikana. Kanisa kubwa halikuikubali simulizi hiyo kuwa msingi wa mamlaka yoyote, na mwaka 1935 likawatenga wakazi wa Short Creek waliokataa kutia sahihi kiapo cha utii. Kutoka kwa kundi hilo na mengine yaliyofanana nalo yalizuka matawi mengi: lile lililojulikana baadaye kwa kifupi cha FLDS, lenye ngome yake Short Creek, ambapo leo pana miji miwili ya Hildale na Colorado City, lile la Ndugu wa Umoja wa Kitume katika bonde la Salt Lake, jamaa wa Bountiful huko British Columbia, na koloni la LeBaron katika jimbo la Chihuahua, Mexico. Makosa ya mmoja hayafai kuwa hukumu ya wote, na kwa hivyo ninapotaja FLDS msomaji asidhani nimewataja wengine.

Kwanza, tuwape washika asili haki yao. Kwa habari ya mitala, hoja yao ina nguvu. Mababa wa kanisa walihubiri kwa miongo ya miaka kwamba ndoa hiyo ni agizo la mbinguni, wakaenda jela kwa ajili yake. Na mtu aliyeyaamini mahubiri hayo kwa dhati, kisha akaambiwa katika mwaka mmoja kwamba sasa basi, hawezi kulaumiwa akiuliza ni kipi kilichobadilika, Mungu au Bunge. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa, na hiyo, kwa maneno machache, ndiyo itikadi nzima ya Short Creek. Vile vile waliifuata nia ya ushirika wa mali, ambayo Joseph Smith aliihubiri tangu mwaka 1831. Waliishi kwa kiasi, wakalima ardhi kame, wakasaidiana kujenga nyumba, wakavaa mavazi ya staha, wanawake wao wakivaa magauni marefu ambayo mtu akiyatazama juu juu atadhani ni ya bibi zao wa karne ya 19. Askari wa mwaka 1953 waliowakuta wakiimba chini ya bendera waliwakuta, kwa sura, kana kwamba ni watangulizi wenyewe.

Kwa sura, nimesema. Kwa maana tukiingia ndani ya nyumba khitilafu huanza kujitokeza, na khitilafu ya kwanza ni ya hesabu. Mitala, ikiwa ni ya wachache, hubebwa na jamii bila ya dhara kubwa kwa uwiano wa wanaume na wanawake. Na katika Utah ya watangulizi, hata ilipofikia kilele chake, familia nyingi zilikuwa za mke mmoja. Fauka ya hayo, kila mwaka misafara ilileta watu wapya, na vijana waliokosa ardhi walipelekwa kufungua vijiji, hata zama za Young zikaasisiwa zaidi ya 300 kutoka Idaho mpaka Arizona. Jamii ya namna hiyo hupumua. Short Creek haikupokea wageni wa kutosha wala haikutoa makoloni ya kutosha. Mitala ilifanywa kuwa daraja ya lazima kwa atakaye ukamilifu, na wake walipokwisha kugawiwa wazee, vijana wa kiume wakawa ni ziada. Mamia yao, wengine wakiwa hawajafika umri wa utu uzima, walifukuzwa kwa makosa kama kusikiliza muziki au kuzungumza na msichana, wakaachwa katika miji wasiyoijua, hawana elimu wala jamaa. Na kwa kuwa watu walioana ndani ya nasaba chache kwa vizazi kadhaa, ulienea miongoni mwa watoto ugonjwa adimu wa upungufu wa kimeng'enya cha fumarase, unaodhoofisha ubongo, ambao popote pengine duniani ni nadra kuonekana. Agizo ni lile lile, maneno ya ufunuo ni yale yale. Lililobadilika ni kwamba mlango wa kuingilia na wa kutokea ulifungwa.

Khitilafu ya pili ni ya wanawake, na hapa nitamtaja mmoja. Martha Hughes Cannon alikuwa binti wa wahamiaji kutoka Wales, akasomea udaktari, na mwaka 1884 akawa mke wa nne wa Angus Cannon, kiongozi wa kanisa aliyekuwa amemzidi umri kwa miaka mingi. Serikali ilipokuwa ikiwasaka wenye mitala alihamia Uingereza na mtoto wake mchanga ili asilazimishwe kutoa ushahidi wa kumfunga mumewe. Alirudi, akatibu wagonjwa, akapigania haki ya wanawake kupiga kura. Na mwaka 1896, katika orodha moja ya wagombea wa Seneti ya Utah, jina lake lilikuwamo kwa chama kimoja na jina la mumewe kwa chama cha pili. Mke alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kuwa seneta wa jimbo katika Marekani nzima, na akaongoza kuundwa kwa baraza la afya la Utah. Wala hakuwa peke yake: wanawake wa Utah walipata kura mwaka 1870, kabla ya wenzao karibu wote nchini, na tangu mwaka 1872 walikuwa na gazeti lao wenyewe. Anayesema kwamba walikuwa vikaragosi vya waume zao hajawasoma. Talaka nayo ilikuwa rahisi kwa mwanamke kuliko sehemu nyingi za nchi. Brigham Young, ambaye hakuipenda, alitia sahihi talaka zaidi ya 1,600.

Tumlinganishe mwanamke huyo na msichana wa Short Creek katika zama za Rulon Jeffs, nabii wa FLDS aliyefariki mwaka 2002, na mwanawe Warren aliyemrithi. Huyo hakuposwa, alipangiwa. Nabii alimpigia simu baba yake, na pengine ndani ya siku moja binti alikuwa mke wa mtu asiyepata kuzungumza naye. Mwaka 2000 waumini waliamriwa kuwaondoa watoto wao katika shule za serikali. Runinga na magazeti vilipigwa marufuku, hata rangi nyekundu ikakatazwa. Na mwanamke alifundishwa kwamba fadhila yake kuu ni kuwa na uso mtamu wakati wote, yaani kuizuia hasira yake hata panapo dhuluma. Mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama huko Texas lilimtia hatiani Warren Jeffs kwa kuwanajisi wasichana wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 12, aliowaita wake zake, akahukumiwa kifungo cha maisha na miaka 20 juu yake. Kati ya Daktari Cannon na wasichana hao kuna umbali ambao gauni refu haliwezi kuuficha.

Khitilafu ya tatu ni ya mali. Mwaka 1875, katika nchi ile ile ya majabali mekundu ya kusini mwa Utah, watangulizi waliasisi kijiji cha Orderville, ambako watu walikula katika ukumbi mmoja, wakafuma nguo zao wenyewe, na hakuna aliyesema shamba hili ni langu. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa hapo alikusanya sufi ya mikia ya kondoo iliyokuwa ikitupwa, akaiuza, akajinunulia suruali ya dukani. Wazee walimwita barazani, wakamsifu kwa juhudi yake, lakini wakaamua suruali ichukuliwe iwe kipimo, na kila suruali mpya ya kijiji ishonwe kwa mtindo ule. Mara vijana wote wakaanza kudai suruali mpya, na zile kuukuu zikaonekana zimechakaa matakoni kwa namna isiyoeleweka, hata ilipogunduliwa kwamba walikuwa wakizisugua kwenye jiwe la kunolea. Wazee wakasalimu amri. Miaka ya 1880 ushirika ule ulivunjika, na mali ikarudi mikononi mwa wanachama. Iwe imenyooka yote au imetiwa chumvi na wasimulizi, habari hiyo yaonyesha baraza lililoweza kushindwa na watoto wake bila ya kuwaangamiza.

Short Creek ushirika ulichukua sura ya wakfu. Tangu mwaka 1942 ardhi ilikuwa mali ya amana moja iliyoshikwa na viongozi. Muumini alijenga nyumba kwa jasho na fedha zake juu ya ardhi isiyokuwa yake. Tarehe 10 Januari 2004 Warren Jeffs alisimama mbele ya mkutano akawataja wanaume kiasi cha 20, meya wa mji akiwa miongoni mwao, akawafukuza. Siku hiyo hiyo wakawa hawana nyumba, na wake zao na watoto wao wakagawiwa wanaume wengine. Hawakusomewa mashtaka wala hawakuwa na pa kukata rufaa. Ushirika ulioanzishwa ili asiwepo maskini ulikuwa umekwisha kuwa chombo cha kumfanya kila mtu maskini mbele ya mmoja. Mwaka uliofuata mahakama ya Utah iliuchukua wakfu ule kutoka mikononi mwake.

Kutoka hapa twafika kwenye khitilafu ya nne, ambayo nadhani ndiyo mama wa nyingine zote: namna nabii anavyojibiwa. Brigham Young alitawala kwa mkono mzito. Hata hivyo Orson Pratt, mmoja wa mitume wake, alibishana naye kwa miaka juu ya mambo ya itikadi na akabaki mtume. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 waliokhitalifiana na Young waliasisi gazeti la Salt Lake Tribune, likamshambulia kila uchao mjini mwake. Reli iliyounganishwa mwaka 1869 ilileta wafanyabiashara, waandishi na makanisa mengine. Nabii aliyezungukwa na mitume, wapinzani, magazeti na wageni hulazimika kupima neno lake. Nabii aliyezungukwa na ukuta hupoteza kipimo, hata akiwa mtu mwema. Na asipokuwa mwema, hakuna atakayejua mpaka dhara limekwisha tendeka.

Nisingekuwa mwadilifu kama ningewafanya watangulizi malaika. Joseph Smith mwenyewe, akiwa meya wa Nauvoo, aliamuru kuvunjwa kwa mtambo wa gazeti lililofichua mitala yake, na tendo hilo ndilo lililompeleka jela ya Carthage. Helen Mar Kimball alifungishwa ndoa naye akiwa na miaka 14. Tarehe 11 Septemba 1857, penye malisho ya Mountain Meadows, wanamgambo wa Kimormoni wa kusini mwa Utah waliwaua wasafiri kiasi cha 120, wanaume, wanawake na watoto, baada ya kuwahadaa kwa bendera ya amani. Na ni Brigham Young aliyetangaza mwaka 1852 kwamba mtu mweusi asipewe ukuhani, ingawa zama za Joseph Smith alikuwapo Elijah Abel, mtu mweusi aliyewekewa mikono mwaka 1836. Marufuku hayo yalidumu katika kanisa kubwa mpaka Juni 1978, na washika asili wengi waliyahesabu mabadiliko ya mwaka huo kuwa ithibati nyingine ya upotofu. Mbegu za ukuta, basi, zilikuwamo tangu shambani mwa watangulizi. Tofauti ni kwamba kwao hazikupata kulitawala shamba zima, kwa kuwa watu waliingia, wakatoka, wakasema na wakaandika.

Ni haki pia kuuliza ni nani aliyeujenga ukuta wa Short Creek, na jawabu haliwezi kuwa wakazi wake pekee. Picha za watoto waliong'olewa kwa mama zao mwaka 1953 ziliwachukiza Wamarekani wengi, na mwaka uliofuata Gavana Pyle akashindwa katika uchaguzi. Kwa miaka 50 baada ya hapo maofisa wa majimbo yote mawili waliogopa kukigusa kijiji kile, na hofu hiyo ikawa pazia ambalo nyuma yake wasichana waliozwa bila ya mtu kuwauliza. Mwezi wa Aprili 2008 serikali ya Texas iliingia katika shamba la FLDS karibu na mji wa Eldorado, ikachukua watoto zaidi ya 400. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba haikuwa halali kuwachukua wote kwa jumla, nao wakarudishwa. Uhalifu wa kweli ulithibitishwa baadaye kwa njia ya polepole, mshtakiwa mmoja mmoja, ushahidi kwa ushahidi. Serikali inayoadhibu dini ya watu badala ya dhuluma ya mtu huwapa madhalimu hoja wanayoihitaji: kwamba nje ya ukuta kuna maadui tu.

Wala si kila kundi la washika asili lilifuata njia ya Jeffs. Miaka ya 1980 baadhi ya wakazi wa Short Creek walikataa kumpa mtu mmoja mamlaka yote, wakajitenga na kujenga mtaa wa Centennial Park, maili chache tu kutoka kwao; wanawake wao wamesimama mbele ya waandishi wa habari kuitetea ndoa yao kwa vinywa vyao wenyewe. Mwaka 2020 Bunge la Utah lilipunguza uzito wa kosa la mitala baina ya watu wazima walioridhiana, likiacha adhabu kali kwa anayelazimisha, anayehadaa na anayeoa mtoto. Na hoja kubwa ya waliolitetea badiliko hilo ilikuwa kwamba mke anayedhulumiwa asiogope kwenda polisi kwa kuwa ndoa yake yenyewe ni jinai. Hildale nayo imebadilika: mwaka 2017 ilimchagua Donia Jessop, mwanamke aliyekuwa ameiacha FLDS, kuwa meya wake, na wakfu uliokuwa wa nabii umekuwa ukiwapa waliofukuzwa hati za nyumba walizozijenga.

Nani, basi, aliye mrithi? Kwa hesabu ya matendo, washika asili wamechukua fungu kubwa ambalo kanisa la Salt Lake City liliacha. Na kanisa hilo halina budi kukiri kwamba mitala haikuwa uzushi wa watu wa Short Creek, bali wao waliipokea kutoka kwa mababa wa wote wawili. Kwa hesabu ya roho iliyoyaendesha matendo hayo, mizani huelekea upande mwingine, kwa sababu watangulizi walikuwa watu waliovuka bahari kwa hiari yao, wakabishana na viongozi wao, wakaruhusu wake zao wasome udaktari na wawashinde katika uchaguzi, na ilipowalazimu wakabadilika. Aliyeogopa kuiacha asili kwa kuwa mwenye kuiacha ni mtumwa alifika, huko Short Creek, mahali ambapo hakuweza kumiliki nyumba, kuchagua mume, kusoma gazeti wala kuaga. Na huo ndio utumwa wenyewe. Kwa hiyo mtu anayetaka kuipima jamii yoyote inayojiita mrithi wa wahenga, iwe ya dini au ya kabila, iwe Marekani au kwetu, asiishie kuuliza ni mangapi ya wahenga iliyohifadhi. Aulize kama binti wa nyumba hiyo anaweza kukataa, kijana wa nyumba hiyo anaweza kubisha, na mzee wa nyumba hiyo anaweza kuondoka na kilicho chake. Panapo majibu ya ndiyo kwa maswali hayo matatu, mila ngumu huweza kuishi na kujirekebisha. Pasipo majibu hayo, mila yoyote, hata iwe njema kiasi gani katika asili yake, itaangukia mikononi mwa mtu mmoja.